Maji ya kwenye gemu si kioo

Gemu nyingi ninazocheza zina bahari inayong'aa kama sinia la stenlesi. Unamwingiza mchezaji majini, unatazama miguuni pake, na bado unaona mawingu pale ulipotarajia mchanga. Hilo linaniudhi kuliko maji yasiyoakisi kitu.

Ingia baharini, maji yakufike magotini. Ukiinama utaona vidole vyako, kwa sababu mwanga unaoyapiga maji wima hurudi kama asilimia 2 tu. Sasa inua macho polepole. Mchanga unafifia, anga inazidi, na kule mbali, jicho linapokaribia kulala sambamba na maji, mwanga unarudi karibu wote. Badiliko hilo ndilo linaloyafanya maji yawe maji. Mwanafizikia Mfaransa Fresnel aliliandikia kanuni katika karne ya 19. Mwaka 1994 Christophe Schlick, mtafiti wa michoro ya kompyuta, akaifupisha. Unatoa kosaini ya pembe kati ya mwelekeo wa jicho na mstari uliosimama wima juu ya uso wa maji kwenye moja, unapandisha kipeo cha tano, na jibu linakwambia uongeze uakisi kiasi gani juu ya ile asilimia 2. Hata simu ya bei ndogo inaimudu kwa kila pikseli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema uhalisia unasubiri kadi ya michoro inayofuatilia miali, yaani inayokokotoa njia ya kila mwali wa mwanga. Kazi hiyo naiheshimu sana. Mtafiti Turner Whitted alipochapisha picha yake ya tufe za kioo mwaka 1980, kompyuta iliichora kwa zaidi ya saa nzima. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina milisekunde 17 hivi kwa kila kitu. Lakini miali ikifuatiliwa vizuri halafu uakisi ukachanganywa na mchanga bila kujali pembe, sinia linabaki sinia.

Kwenye kupinda kwa mwanga unapopita majini pia kuna njia ya mkato ninayoipenda: chora sakafu ya bahari kwanza, hifadhi picha, kisha unapopaka maji isome ikiwa imesogezwa kidogo kwa kufuata wimbi. Katika gemu ninayoiunda, rangi ya mtumbwi ilivuja majini wiki nzima kwa sababu ya usogezaji huo. Dawa ilikuwa mstari mmoja: pikseli unayoisoma ikiwa karibu na jicho kuliko uso wa maji, usiisogeze. Nilipouandika, ubavu wa mtumbwi ukakatika safi, na chini yake kivuli kikachezacheza juu ya mchanga.