Simba na simha si ndugu

Kila baada ya muda fulani, mtu hunirushia ujumbe uleule kwenye WhatsApp: eti neno "simba" tulilichukua kwa Wahindi, maana Kisanskriti, lugha ya kale ya India, humwita mnyama huyo "simha". Mimi sikubali, wala si wivu wa lugha.

Ushahidi usiutafute ng'ambo, bisha hodi kwa jirani. Waganda wana ukoo wa Kasimba, na kasimba wao ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa anayetuibia kuku usiku. Wazulu nao humwita kanu insimba. Mzizi ni mmoja, wa Kibantu, uliotembea na wasemaji wake. Kwingine ulibaki kwa kanu, kwetu ukapanda cheo hadi kwa mfalme wa nyika. Jahazi gani la Gujarati lingefikisha neno la Kihindi kwa Wazulu, kisha huko limpe jina kanu?

Simha naye ana safari zake. Yumo katika Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu. Wanasarufi wa kale walidai jina limetokana na "hims", yaani kudhuru, herufi zikabadilishana nafasi: s mbele, h nyuma. Maelezo matamu, ila kwangu yananuka kubahatisha, kama ya wazee wa baraza wasiokosa asili ya neno lolote. Mimi navutiwa zaidi na mahali neno lilikofika. Singapore ni simha na pura, mji wa simba, ingawa simba si mnyama wa kisiwa kile. Kiti cha enzi ni simhasana, kiti cha simba. Na mwaka 1699, kule Anandpur, Guru Gobind Singh, kiongozi wa dini ya Masikh, alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Masikh waliowekwa wakfu, wanaume walioingia humo walipewa jina la Singh. Ni simha yuleyule.

Kwa hiyo simha kwetu alifika kweli, ila tunamtafuta mlango usio wake. Yumo katika "Kalasinga" na "Singasinga", majina tunayowaita Masikh bila kujua kwamba tunataja simba. Wengi wao walikuja kujenga reli kutoka Mombasa. Mwaka 1898, simba wala watu wa Tsavo walipokuwa wakiwavizia wajenzi hao, mmoja wa waliokokotwa kutoka hemani usiku alikuwa jemadari wa Kisikh, Ungan Singh.