Nguru Walionadiwa Saa Nane za Usiku

Mtafiti mmoja wa Ujerumani alituletea barua pepe yenye adabu tele. Alikuwa amepakua data yetu ya samaki wanaoshushwa Likoni na Mji wa Kale, sasa anauliza kwa nini wavuvi wa Mombasa hunadi nguru saa 02:00. Saa nane za usiku! Saa hizo mnunuzi ni paka tu.

Mimi ndiye mtunza data wa chuo, barua ikaniangukia. Nilipofungua faili tu nikajua. Karani wetu mmoja, mzee wa Mji wa Kale, huandika kwenye daftari kama asemavyo: saa 2, jua limeshapanda. Mwenzake kijana hujaza fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanyia data, kwa simu, nayo simu inaandika 08:00. Zote zimemiminwa safu moja.

"Hilo dogo," akasema daktari mwenye mradi, akaiongeza safu nzima saa 6. Samaki wa mzee walioshushwa mchana wakakaa sawa. Wa kijana wakahamia 14:00, jua kali. Walioshushwa 19:00 wakarukia 01:00, na kwa kuwa tarehe iko safu yake haikusogea, wakafika nchi kavu kabla mashua haijang'oa nanga.

Jina la karani lingetuokoa, lakini daktari alikuwa ameifuta safu hiyo, eti Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba za simu za manahodha akaziacha! Excel ilikuwa imezila sifuri za mwanzo, 0722 ikawa 722, akadhani zimefichika. Wallahi.

Faili nikaliondoa siku hiyo hiyo. DOI yake, ile namba ya kudumu ya kuitambulisha data mtandaoni, haifi lakini: ukurasa ungali pale, umeandikwa kwamba data imeondolewa na kwa nini, dunia nzima isome.

Dawa ilikuwa kwenye faili ghafi, ambalo kwangu hufungwa lisomwe tu, lisiguswe. Kobo huipa kila fomu alama yake ya _uuid, na fomu yetu hujiandikia yenyewe wakati wa kuanza ikiwa na +03:00, alama ya saa za Afrika Mashariki. Mstari wenye _uuid ni wa kijana, usio nayo ni wa mzee. Za mzee tukazirudia daftarini moja moja, maana saa 8 ya mchana ni 14:00, na saa 8 ya usiku ni 02:00, tena mara nyingi tarehe ya kesho yake. Toleo la pili likatoka na DOI yake, pamoja na kamusi ya data inayoeleza kila safu.

Ikabaki kumweleza mzee.

"Mzee, saa mbili ya asubuhi tuandikie nane."

"Na saa nane ya mchana?"

"Kumi na nne."

"Mwaongeza sita kila mahali?"

"Ndiyo, mzee."

Akafunga daftari. "Haya mwanangu. Anzeni na posho."