Mwalo wa Kibirizi Wahamia Kondoa

Mkuu wa kitengo chetu alihamia Kigoma akitokea Tabora, na katika mizigo yote aliyoshuka nayo kwenye treni, uliokuwa mzito kupita yote ni imani yake kwamba Tanzania nzima hupimwa kwa UTM zoni ya 36, yaani kipande cha 36 cha mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika zoni za nyuzi sita za longitudo. Kwa Tabora alikuwa na haki, kwa kuwa mji ule uko karibu sana na meridiani (mstari wa longitudo) ya nyuzi 33 mashariki, katikati kabisa ya zoni hiyo. Mkoa wa Kigoma, kwa bahati mbaya, umepasuliwa na meridiani ya nyuzi 30, ambayo ndiyo mpaka wa zoni mbili: Ujiji na Kibirizi zimo katika zoni ya 35, ilhali Kasulu na Kibondo zimo katika ya 36.

Kazi yetu ilikuwa kupima umbali kutoka mialo ya samaki, yaani vituo vya ufukweni vinakoshushwa samaki, hadi masoko ya mkoa. Vijana walizunguka na GPS wakiandika kodineti (namba za kuonyesha mahali) kwa mita, na fomu waliyopewa haikuwa na safu ya zoni. Kodineti ya mita isiyotajiwa zoni ni sawa na namba ya nyumba isiyo na mtaa, kwa sababu hesabu huanza upya kila baada ya nyuzi sita, na meridiani ya kati ya kila zoni hupewa thamani ileile ya 500,000. Nilimwonyesha mkuu kwamba mwalo wa Kibirizi unasoma karibu 790,000 ilhali soko la Kasulu halifikii 180,000, nikamwuliza kama si vyema tuzitenganishe. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akairudisha puani.

"Mwanangu, andika 36 zote. Kazi hii nimeianza hujazaliwa."

Nikaandika 36 zote.

Siku ya kikao, ramani iliwashwa ukutani mbele ya viongozi wa mialo. Masoko yalikuwa yametulia mahali pake. Mialo, kwa upande wake, ilikuwa imeruka nyuzi sita kuelekea mashariki, yaani kilomita 665 hivi, ikatua karibu na Kondoa, mkoani Dodoma. Jedwali lililofuata lilieleza bila haya kwamba kutoka Kibirizi hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita 600, umbali ambao kwa mstari ulionyooka ni kama 60 tu.

"Samahani, bwana mkubwa," alisema mzee mmoja wa Ujiji, "hapo Kondoa tunavua kwenye maji gani?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, mzee wangu."

"Haya. Basi na posho ya safari ihesabiwe kitaalamu, maana ramani yenu inasema tumetoka mbali."

Ukumbi ulicheka, isipokuwa mhasibu. Mwenzangu mmoja, katika kutaka kuiokoa hali, aliirudisha data palepale kwenye latitudo na longitudo, akaagiza duara la 5 kuizunguka Ujiji. Yeye alikusudia kilomita, lakini data ile ilikuwa katika nyuzi, na kompyuta ikachora nyuzi tano. Duara liliimeza Burundi yote na Rwanda yote, likaikumba na Tabora alikotoka mkuu. Mzee yule akauliza kama majirani nao wameandaliwa chakula cha mchana.

Jioni nilitenganisha kodineti katika mafungu mawili, nikalisoma kila moja kwa zoni yake, nikayageuza yote kuwa latitudo na longitudo, ndipo nikatafuta projeksheni moja (namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa) ya mkoa mzima. Mimi nilipendelea Transverse Mercator, aina ileile inayotumiwa na UTM, lakini yenye meridiani ya kati kwenye nyuzi 30. Mkuu alikataa katakata, akisema projeksheni isiyo na namba haiingii kwenye ripoti yake. Tukakubaliana kuhamishia kila kitu kwenye zoni ya 36, safari hii kwa kukokotoa, si kwa kubandika jina. Huko Kibirizi kosa la umbali ni zaidi kidogo ya mita moja kwa kila kilomita, na sijaona mchuuzi wa dagaa atakayelilalamikia.

"Si niliwaambia ni 36?" mkuu alitangaza kikao kilichofuata, huku ramani mpya ikishangiliwa.

Lililobaki lilikuwa la mhasibu, aliyezirudisha fomu za posho za kikao cha kwanza. Kwenye safu ya mahali anakotoka mjumbe, viongozi wote walikuwa wamejaza Kondoa, na chini ya kila fomu kulikuwa na saini ya mkuu, ikiidhinisha malipo.