Nani Kamtenga?

Mtaani kwetu Ujiji, mtu akiacha kuonekana misibani na harusini, hukumu yake huwa fupi: amejitenga. Ikishasemwa hivyo, hakuna anayeuliza zaidi. Nami nimeisema mara nyingi, na safari moja niliiandika.

Nilikuwa katibu wa kikoba cha kina mama, kikundi cha kuweka na kukopa. Mwenzetu mmoja, mjane anayeuza mawese, alikwama kununua hisa kwa wiki kadhaa. Hatukumfukuza, wala hakuna aliyemtolea neno baya. Tulihamisha siku ya kikao, tukasahau kumwambia. Tukafungua grupu la WhatsApp, na yeye ana simu ya kitochi. Zilipogawiwa sare za harusi ya binti wa mwenyekiti, jina lake halikuitwa. Tulipovunja kikoba mwisho wa mwaka, yaani kugawana akiba, nikaandika kwenye daftari: "Mwanachama huyu amejitenga na kikundi."

Neno lenyewe, kutenga, halina kosa. Halmashauri hutenga fedha za zahanati. Pori likitengwa huitwa pori tengefu. Hata chakula kikiiva tunakitenga, yaani tunakiweka tayari watu waje wale. Kitenzi kilekile kinachomweka mtu nje ndicho kinachomkaribisha mezani. Ubaya unaingia tunapomtenga mtu, na hapo ndipo silabi zinapoanza kutuficha. Ukisema "ametengwa", yupo aliyemtenga, ila husikii jina lake. Ukisema "amejitenga", hata huyo hayupo tena. Ile -ji- imechukua lawama yote ikamtwika aliyeumizwa, na sisi wengine tunakwenda zetu tukiwa safi.

Kubagua kuna maelezo yake kisheria. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 13(5), inataja kabila, dini, jinsia, rangi, hali ya maisha, hata pahala mtu alipotokea. Sisi watu wa Kigoma tunalielewa vizuri hilo la pahala, maana wengi wetu tumewahi kuulizwa safarini kama kweli ni Watanzania, kwa sababu ya lafudhi tu. Lakini kumtenga mtu barazani hakuhitaji kabila wala dini. Kunahitaji watu kumi wanyamaze kwa pamoja. Kanisani mtu akitengwa, angalau anajua kosa lake na nani kamhukumu. Yule mjane hakujua lolote.

Nalisikia neno hilohilo likisemwa juu ya wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae kwenye maeneo waliyotengewa, na kutoka ni kwa kibali. Halafu mtu anakaa kijiweni Mwanga, hapa Kigoma mjini, anasema "wale wanapenda kujitenga". Wajitenge vipi, na kibali hawana? Iwe unaiunga mkono sheria hiyo au huiungi, usiwasingizie kwamba wamechagua wenyewe.

Nilikwenda kwa yule mama, nikamkuta anachuja mawese uani. Nikamwambia, "Shikamoo mama, mbona umetutupa?" Hata swali langu lilikuwa na -ji- ndani yake, ingawa haikusikika. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda, akasema taratibu: "Mwanangu, nani aliniita nikakataa?"

Sikuwa na jibu.

Kwenye kikao kilichofuata nikaomba ile sentensi ya daftarini ifutwe, iandikwe "tulimtenga". Kelele zikawa nyingi. Mmoja akasema hatukuwahi kukaa kikao tukaamua hivyo, na ni kweli hatukukaa. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi. Mwisho tukakubaliana maneno mawili, nikayaandika kwa mkono wangu: "Tuliacha kumwita."

Keshokutwa yake mwenyekiti mwenyewe akaenda kumwita.