Kama Mfalme Seonjo angemwacha Yi Sun-sin kazini

Wanaopenda kuuliza "ingekuwaje kama" kuhusu Korea na uvamizi wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, karibu wote huanzia mwaka 1592, wakitaka kujua kama Japani ingeimeza Korea yote na kuingia China. Swali hilo halinivutii. Hata baada ya kuteka Seoul wiki tatu hivi tangu washuke Busan, Wajapani walikwama: Yi Sun-sin, amiri wa Korea, aliwavunjia meli zao huko Hansando, wanamgambo wa kina Gwak Jae-u wakawavizia njiani, kisha jeshi la Ming, watawala wa China, likavuka mpaka kuja kusaidia.

Swali linaloniuma ni la 1597, Wajapani walipovamia tena. Mwaka huo jasusi aliyekuwa akila huku na huku alipeleka habari kwamba Kato Kiyomasa, jenerali wa Japani, angevuka bahari siku fulani, na Mfalme Seonjo wa Korea akaamuru Yi akamvizie. Yi alinusa mtego, hakwenda. Akakamatwa, akateswa, akavuliwa cheo na kubaki askari wa kawaida. Jeshi la majini akakabidhiwa Won Gyun, amiri mwingine, aliyelipoteza kwa pigo moja katika vita vya Chilcheollyang. Ziliponea meli kama 12 tu.

Sasa mrejeshe Yi kwenye nafasi yake, usibadilishe kitu kingine. Meli zaidi ya mia bado zinaelea, na pwani ya Jeolla, mkoa uliookoka katika vita vya kwanza, bado ina mlinzi. Wajapani wanalishaje na kusogeza jeshi kubwa kuelekea Namwon, mji wa Jeolla, huku adui huyo yuko ubavuni mwao? Naamini Namwon isingeanguka.

Na Namwon ndiyo hesabu yangu yote. Mji ule ulianguka Septemba 1597. Wakoreani waliouawa walikatwa pua, zikatiwa chumvi na kupelekwa Japani kama ushahidi wa kazi. Kilima zilikozikwa pua hizo kipo Kyoto hadi leo. Mtawa wa Kibuddha aitwaye Keinen, aliyefuatana na jeshi la Japani, aliandika katika shajara yake kuhusu maiti zilizozagaa nje ya mji, na uchungu wake unasomeka waziwazi. Waliobaki hai wengi walitekwa. Wafinyanzi wa Namwon walipelekwa Satsuma, kusini mwa Japani, na vyombo vya huko vinavyosifiwa duniani vilianzia katika mikono ya mateka hao. Katika historia yangu mbadala, watu hao wanazeekea kwao.

Najua nitakachojibiwa: bila maafa ya Chilcheollyang tusingepata Myeongnyang, siku Yi alipozuia meli zaidi ya mia za Wajapani kwa meli 13 kwenye mkondo mwembamba. Ni kweli, na ule ni ushindi wa ajabu. Lakini haukupaswa kuhitajika kabisa. Mfalme alikuwa na kamanda asiyeshindwa na meli za kutosha, akavitupa vyote viwili kwa neno la jasusi. Yi mwenyewe alilipa pia. Mama yake alifariki mwaka huohuo alipokuwa ametoka tu kifungoni, na baada ya Myeongnyang wavamizi wakamuua mwanawe Myeon kule Asan. Ningeutoa ushindi ule bila kusita, ili Namwon ibaki na watu wake na Myeon abaki na baba yake.