Miaka 16 ya Mtanzania, miaka 16 ya Mkenya

Ubishi wa Watanzania na Wakenya kuhusu vyuo vikuu huishia kwenye Kiingereza: Wakenya wanajieleza, sisi Watanzania tunaduwaa kwenye usaili. Kuna ukweli hapo. Lakini Kiingereza cha Mtanzania kinakwamia shule ya msingi na sekondari, si chuoni. Tofauti ya vyuo iko kwingine.

Hesabu miaka. Tanzania ni saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, kisha mitatu kwa shahada nyingi. Kenya, kwa mfumo wa 8-4-4, ni minane, minne na minne. Kote ni 16. Kenya nayo ilikuwa na kidato cha tano na sita kabla ya mageuzi ya 1985. Vilipoondolewa, mwaka mmoja ulihamia msingi na mwingine chuoni.

Kijana wa PCM anayeingia uhandisi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amekwishapigana na fizikia, kemia na hisabati kama masomo yake makuu kwa miaka miwili. Mwenzake wa Nairobi ametoka kidato cha nne na masomo saba au manane, na chuo kinalazimika kumjengea msingi. Kwa kina, naipa Tanzania. Ila kina hicho kina bei yake: mtoto wa miaka 16 au 17 anachagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita, na aliyekwenda HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) ameshaagana na udaktari. Kenya, mwenye C+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, anapangiwa nafasi ya chuo na KUCCPS, chombo cha serikali cha udahili, hata kama alizinduka kidato cha nne. Kwa waliochelewa kujijua, mfumo wa Kenya una huruma zaidi.

Huruma hiyo inaishia kwenye ada. Tangu 2023 Kenya inawaweka wanafunzi kwenye madaraja ya ufadhili kulingana na uwezo wa familia, na wazazi wengi wamelalamika kuwa watoto wao wamepangwa na matajiri wasiowajua. Mahakama Kuu iliubatilisha mfumo huo Desemba 2024, serikali ikakata rufaa. Sisi nasi tusicheke. Kila Oktoba kuna wanaofika chuoni na begi, jina halimo kwenye awamu ya kwanza ya mkopo wala ya pili, wanasubiri dirisha la rufaa huku wakilala kwa rafiki aliyekwishasaini bumu, yaani fedha za mkopo. Anayeupata mkopo ana shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Kwenye ufundishaji, wahadhiri wa Kenya waligoma takriban wiki saba mwaka 2025, na kilio cha alama kupotea mahafali yakikaribia ni cha zamani huko. Vyuo vyetu vimetulia, ingawa sioni kama utulivu wote ni wa kujivunia. Mhadhiri asiyegoma si lazima awe ameridhika.

Kinachonivutia ni kwamba Kenya inarudi tulipo. Mtaala mpya una miaka mitatu ya sekondari ya juu, mwanafunzi akishachagua mkondo wake, kisha mitatu ya chuo. Kundi la kwanza litaingia vyuoni 2029, na wahadhiri waliozoea kufundisha kwa miaka minne watapaswa kuamua kipi cha mwaka wa kwanza kishushwe sekondari, na nani huko ana maabara ya kukifundishia.