Kura ya mji wa barabarani: njano juu, mchanganyiko chini

Uchaguzi ukiisha Uganda, ubishi huwa ule ule. Mji mdogo wa mashambani ni ngome ya chama tawala, NRM, chenye rangi ya njano, au ni watu walionunuliwa kwa sabuni na chumvi? Chukua Kigumba au Bweyale, kwenye barabara ya Kampala kwenda Gulu, ambako Wanyoro, Waacholi, Walugbara na Waganda hupatana bei sokoni kwa Kiswahili. Miji kama hiyo haijibiki kwa neno moja.

Wanaosema ngome wana hoja. Kaskazini ilimkataa Rais Museveni wa NRM mwaka 1996, 2001 na 2006. Bunduki za LRA, waasi wa Joseph Kony, zilipohama nchini, upepo ukageuka kuanzia 2011. "Tunalala usingizi," wanasema wafuasi wake, na kwa mama aliyelea watoto katika kambi za wakimbizi wa vita hayo si maneno ya jukwaani. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inazeeka. Kijana aliyefikisha miaka 18 uchaguzi wa Januari 2026 ukikaribia alizaliwa mwaka 2007; kambi ameisikia tu. Tena, 2021 vijiji vya Buganda na Busoga, wala si miji peke yake, vilimpa Kyagulanyi, yaani Bobi Wine wa chama cha upinzani NUP chenye alama ya mwavuli, kura nyingi, hata mawaziri wakapoteza viti. Anayesema shamba lote ni njano aeleze hapo.

Upande wa pili unasema ni pesa. Tupige hesabu ya PDM, mpango wa serikali wa kukopesha wananchi, uliozinduliwa Kibuku mwaka 2022. Kila parishi, yaani vijiji kadhaa kwa pamoja, hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na mkopaji mmoja hupata milioni moja. Hao ni watu mia moja, katika parishi yenye watu wazima maelfu. Orodha hupitia kwa viongozi wa parishi na vikundi vya kijijini, kwa hiyo jina likikosekana lawama ina anwani: jirani fulani, si Kampala. Pesa hiyo inaweza kuudhi wengi kuliko inaowafurahisha. Hata hivyo aliye kwenye foleni hagombani na mgawaji, na sidhani kama kuna chombo cha kampeni kinachoshinda foleni isiyokwisha. Sabuni na chumvi ni jambo jingine: watu hupokea kwa wagombea wote, kisha hupiga wanavyotaka.

Mahali pa kutazama ni fomu ya matokeo ya kituo. Siku ya urais mpiga kura hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo, na ya mbunge mwanamke wa wilaya. Kura huhesabiwa palepale mchana kweupe. Msimamizi huinua karatasi, hutaja jina, na watu hujiandikia kwenye madaftari. Linganisha kura za rais na za mbunge wa chama kile kile katika kituo kimoja. Rais akipata 300 na mbunge wake 170, wale 130 hawajahama chama. Wamemkataa mtu. Mara nyingi kura hizo huenda kwa mgombea binafsi aliyeshindwa kwenye mchujo wa NRM, ambao Septemba 2020 ulifanywa kwa kupanga mstari nyuma ya wagombea. Bunge la 2021 lilipata wabunge binafsi zaidi ya 70, wengi kuliko wa NUP. Kuwahesabu wote kama upinzani ni kujidanganya.

Angalia pia kura zilizoharibika na idadi ya waliojitokeza. Aliyechoka na chama chake mara nyingi hubaki shambani kuliko kupigia kingine.

Mtego mmoja huwanasa hata wazoefu. Kituo chenye watu wengi hugawanywa kwa herufi za majina, tuseme A hadi M na N hadi Z. Kwa Waluo, kama Waacholi, majina mengi ya wanawake huanza na A, Akello, Acen, na ya wanaume na O, Okello, Otim. Nakato wa Kiganda naye yuko kwenye N. Ukikuta vituo viwili vya mti mmoja vimetofautiana, usikimbilie kusema mtaa wa juu umegeuka. Huenda unasoma wanawake dhidi ya wanaume, au kabila dhidi ya kabila. Jumlisha vituo vyote vya mahali hapo kwanza.

Uchaguzi wa LC1, yaani wa mwenyekiti wa kijiji, usiutumie kabisa kupima chama. Ule wa Julai 2018, wa kwanza tangu 2001, ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mwenye kibanda anayehitaji barua ya mwenyekiti ili apate kitambulisho au mkopo hawezi kusimama nyuma ya mpinzani wake huku mwenyekiti akimtazama machoni. Siku ya karatasi mtu yule yule huinamia beseni la plastiki juu ya meza, akaweka alama yake, akakunja.